Malkia Ruwej Si Fimbo ya Kumpigia Jirani



Hakuna hadithi ipendwayo na watu kama hadithi ya malkia. Mfalme akipigana vita, watu husikiliza. Lakini malkia akipenda, akichukiwa na ndugu zake, akizungukwa na fitina za wakubwa wa baraza, hapo hata mtoto aliyekuwa akisinzia hufumbua macho. Wazungu wamejaza maktaba zao vitabu vya namna hiyo, hasa juu ya malkia wa karne ya 16, nyakati wanazoziita Renesansi. Sisi wa Katanga tunaye malkia wetu, ambaye wataalamu wengi humweka karibu na nyakati zile zile, na fitina za nyumba yake si haba. Jina lake ni Ruwej, malkia wa Walunda.

Hatuandiki leo ili kumsifu tu. Twaandika kwa sababu hadithi yake imeshikwa vibaya. Katika mji wetu wa Lubumbashi, tangu komini yetu ya katikati ya mji hata Kenya, Katuba na Ruashi, twaisikia ikisemwa kwa namna tatu, na zote tatu ni mbovu. Wa kwanza husema: Ruwej alikuwa mwanamke mpumbavu, akapumbazwa na mgeni, akauza kiti cha baba yake. Wa pili husema: Walunda walikuwa watu wa porini tu, mpaka Mluba alipowaletea ufalme na adabu. Wa tatu hajali Mlunda wala Mluba. Yeye ataka kitanda, sumu na kisu, apate kuwafurahisha watu.

Twataka kuwajibu wote watatu, kila mmoja kwa zamu yake. Na neno letu ni moja: mtu anayesimulia habari za wafu ana deni kwao, na deni hilo ni kweli. Anayefanya hadithi ya wafu kuwa fimbo ya kuwapigia walio hai amevunja amri ya Mungu, hata kama hadithi yenyewe ni tamu.

HADITHI YENYEWE

Kwanza yafaa tuisimulie, kwa maana wengi wanaoitumia hawaijui. Mapokeo ya Walunda hayafanani yote. Baba wa Ruwej, wengine humwita Nkond, wengine humwita Yala Mwaku. Lakini mambo makubwa ni haya.

Mzee huyo alikuwa mkubwa wa nchi karibu na mto Nkalany, huko ambako leo ni Kapanga, katika jimbo la Lualaba. Alikuwa na wana wawili, Kinguri na Kinyama, na binti mmoja, Ruwej. Siku moja alikaa akisuka mkeka, na kando yake palikuwa na chombo cha maji ya kulowekea majani. Maji yale yaligeuka kuwa meupe. Wana wake wakatoka kunywa, wakaona weupe ule, wakadhani ni malafu, yaani pombe ya michikichi, na kwamba baba amelewa au amewanyima. Wakamtukana, wakampiga, wakamwacha karibu kufa. Ruwej ndiye aliyemwinua baba, akamwosha, akamtunza.

Basi mzee akawanyima wana wake urithi. Lukano, ile bangili iliyo alama ya enzi ya Walunda, akaagiza ivaliwe na Ruwej, akamweka mikononi mwa wazee wenye ardhi, wanaoitwa Tubungu, wamwongoze na kumlinda.

Baadaye akafika mwindaji kutoka mashariki, Chibinda Ilunga, mwana wa nyumba ya wafalme wa Waluba. Ruwej akampokea, wakaoana. Ikaja siku ambayo Ruwej, kwa desturi ya wanawake wa wakati ule, ilimpasa kukaa faraghani wala asiguse vitu vya enzi. Akampa mume wake lukano aivae. Ndugu zake wakawaka hasira. Kinguri akaondoka na watu wake kwenda magharibi, Kinyama naye akashika njia yake. Ruwej hakupata mtoto; Chibinda Ilunga akazaa na mwanamke mwingine, Kamonga, na kutoka uzao huo wakatoka wafalme wanaoitwa Mwant Yav, ambao makao yao ni Musumba mpaka leo.

Hiyo ndiyo hadithi. Tazameni, haina sumu, wala haina mauaji ya usiku. Ina baba aliyepigwa, binti aliyemtii, mgeni aliyepokelewa, na ndugu walioondoka kwa uchungu. Hayo yatosha kabisa kumfanya mtu afikiri.

NANI ALITUAMBIA?

Kabla ya kumhukumu mtu, hakimu huuliza: mashahidi ni nani? Na sisi tuulize vivyo hivyo.

Mmoja wa watu wa kwanza walioandika hadithi hii kwa kirefu ni Henrique Dias de Carvalho, askari mkubwa Mreno, aliyetumwa katika nchi ya Walunda tangu mwaka 1884 hata 1888. Kitabu chake cha mapokeo ya Walunda kilichapwa mwaka 1890. Ikiwa Ruwej aliishi karibu na mwaka 1600, basi kati yake na kalamu ya Carvalho imepita miaka karibu 300. Watu waliomsimulia walikuwa watu wa baraza, na kila mtu wa baraza ana babu wa kumtukuza na jirani wa kumshusha.

Tena kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kwa desturi ya Walunda, mtu anayepewa cheo hupewa pamoja na cheo hicho jina, jamaa na historia ya yule wa kwanza. Akisimama kusema, husema "mimi nilifanya," hata kama jambo lilitendeka kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. Mpaka leo kule Musumba kuna mwanamke mwenye cheo cha Nswan Murund, anayeshika nafasi ya Ruwej, na kuna mwingine mwenye cheo cha Rukonkesh, mama wa mfalme. Kwa sababu hiyo wataalamu wamebishana sana. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya falme za nchi hizi, aliifuata hadithi kama njia ya kufikia historia. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliiona zaidi kama fumbo la wahenga juu ya asili ya ufalme. Joseph Miller, mwaka 1976, alisema kwamba majina kama Kinguri ni majina ya vyeo, si ya mtu mmoja mmoja, na kwamba ndoa na udugu katika hadithi huenda ni namna ya kueleza jinsi vyeo vilivyofungamana.

Hatusemi kwamba Ruwej hakuwako. Hatusemi wala kwamba hadithi ya wazee ni upuuzi. Mtu asiyeheshimu maneno ya wazee wake ni kama Kinguri mbele ya mkeka wa baba yake. Twasema neno hili tu: hakuna mtu aliye hai awezaye kuingia ndani ya nyumba ya Ruwej, akasikia maneno aliyomwambia mumewe usiku. Mwenye kudai kwamba anajua alipumbazwa, au alitaka mali, au alimchukia kaka yake tangu utoto, amejitungia. Na akiisha kujitungia, akiwaambia watoto wake kwamba ndiyo historia, amesema uongo.

KWA YULE ASEMAYE: ALIUZA KITI

Sasa tumgeukie wa kwanza, anayemwita Ruwej msaliti. Twamjibu kwa hadithi ile ile anayoishika.

Ruwej hakunyang'anya lukano. Alipewa na baba. Walioikosa waliikosa kwa sababu walivunja, bila kuisoma, ile amri ambayo sisi huiita ya nne: hawakumheshimu baba, walimpiga. Kama kuna kosa la kwanza katika nyumba ile, lilitendwa kwenye mkeka, siku nyingi kabla mwindaji hajavuka mto. Mbona basi masimulizi ya siku hizi yanampitia Kinguri upesi upesi, na kumsimamisha dada yake kizimbani? Tunaogopa kwamba ni kwa sababu yeye ni mwanamke. Mwanamume akioa mbali, watu husema amepanua ukoo. Mwanamke akiolewa na mtu wa mbali, watu husema ameuza ukoo. Hiyo si haki, wala si historia.

Na matunda ya ndoa ile yalikuwa nini? Kama Ruwej angekuwa ameuza nchi, tungekuta leo Walunda wamekwisha, wanasema Kiluba, wanalia mbele ya kiti kitupu. Lakini ndivyo? Wafalme waliotoka katika nyumba ile walikuwa Walunda, wakasema lugha ya Walunda, wakazikwa kwa desturi ya Walunda. Jina la Lunda lilienea mpaka magharibi kwenye mto Kwango, na mashariki mpaka Luapula, ambako Kazembe aliweka ufalme wake karibu na mwaka 1740. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kwenda mbali kuona matunda ya lukano ile. Aende Kasenga, atazame ng'ambo ya maji. Mali iliyouzwa haizai kwa jina la aliyeiuza.

KWA YULE ASEMAYE: SISI TULIWALETEA UFALME

Wa pili naye asicheke bado, kwa maana zamu yake imefika. Yeye huichukua hadithi hii kifua mbele: mwindaji wetu alikuta watu wasiojua kitu, akawafundisha.

Ndugu, soma tena. Chibinda Ilunga hakuja na jeshi. Alikuja na upinde, na nyama aliyowinda. Alikuta nchi yenye mkubwa wake, yenye wazee wenye ardhi, yenye alama ya enzi na sheria ya nani aivae. Lukano haikutoka Ulubani. Aliipokea kutoka mkononi mwa mwanamke wa Kilunda. Kama angekuta watu wasiojua ufalme, angepokea nini? Na ule utaratibu tuliousema juu, wa mtu kurithi cheo pamoja na jina na jamaa za wa kwanza, ndio uliowawezesha Walunda kufunga mataifa mengi katika undugu mmoja bila kuwaua wakubwa wao. Huo wataalamu huuhesabu kuwa hekima ya Walunda wenyewe. Waluba walikuwa na ufalme mkubwa na sanaa njema. Hilo halina ubishi. Lakini aliyekuja kuoa hasemi kwamba ndiye aliyejenga nyumba ya mkwe.

Angalieni pia jinsi sanaa inavyoongeza vitu. Wachokwe wa karne ya 19 walichonga sanamu nzuri mno za Chibinda Ilunga, ambazo leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Baadhi yake zinamwonyesha ameshika bunduki. Je, mwindaji wa hadithi ile alikuwa na bunduki? Hadithi yampa upinde. Wachongaji walimvika utukufu wa wakati wao, kwa kuwa kwao mwindaji hodari alikuwa mtu wa bunduki. Hatuwalaumu, walichonga, hawakuapa mbele ya hakimu. Lakini mtu akitazama sanamu hiyo akasema, "Tazama, sisi tulikuwa na bunduki tangu zamani za Ruwej," amekuwa mjinga kwa kosa lake mwenyewe.

KWA YULE ATAKAYE KITANDA NA SUMU

Twaja kwa wa tatu. Huyu ni mtunga michezo, mtengeneza picha, au msimulizi wa barazani. Yeye husema: "Mimi sina siasa. Nataka hadithi tamu." Naye huingiza ndani ya nyumba ya Ruwej wapenzi wa siri, wachawi na visu, mpaka malkia anageuka kuwa kahaba mwenye taji.

Kwa huyu tutatoa mifano miwili ya nje, apate kuona kwamba ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu.

Wa kwanza ni Maria Stuart, malkia wa Scotland, Mkatoliki, aliyekatwa kichwa Uingereza tarehe 8 Februari 1587, baada ya kufungwa miaka kumi na tisa hivi. Mume wake wa pili, Darnley, aliuawa mwaka 1567, na miezi michache baadaye Maria akaolewa na Bothwell, mtu aliyeshukiwa mauaji hayo. Tangu siku hiyo kila upande ukawa na Maria wake. Waprotestanti wengi walimwandika kuwa mzinzi na mwuaji. Wakatoliki wengi walimwandika kuwa shahidi asiye na doa. Ni wachache waliotaka kumwona mwanamke mwenyewe. Mwaka 1800 Schiller, mshairi Mjerumani, alitunga mchezo ambao ndani yake Maria na Elizabeth, malkia wa Uingereza, wanakutana uso kwa uso na kuumizana kwa maneno. Watazamaji hutetemeka. Lakini malkia hao wawili hawakukutana hata siku moja maishani mwao. Mchezo ni mzuri. Kukutana kule ni kwa kubuniwa. Mwenye kuupenda mchezo na aupende, ila asiende kumfundisha mtoto shuleni kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Angola: malkia Nzinga. Alibatizwa Luanda mwaka 1622, akapewa jina la Ana de Sousa. Akapigana na Wareno miaka mingi, akaiacha njia ya Kikristo, akairudia mwaka 1656, akafa tarehe 17 Desemba 1663, mzee wa miaka themanini na zaidi. Padri Cavazzi, Mkapuchini, aliyekuwako alipokufa, aliandika habari zake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1687. Hatutaficha jambo: padri huyo, akitaka kuonyesha ukubwa wa neema iliyomgeuza, aliyapaka maisha yake ya kwanza rangi nyeusi mno, damu juu ya damu. Ikawaje? Mwaka 1769 Mfaransa mmoja, Castilhon, alitunga riwaya juu ya Nzinga, na ile damu ya Cavazzi akaifanya kitoweo cha kuwaburudisha watu wa Ulaya ambao hawakupata kumwona Mwafrika. Wakasoma, wakasema: hivi ndivyo walivyo watu wa nchi zile. Na wakati huo huo merikebu zilikuwa zikiwabeba watu wa nchi zile kwenda utumwani ng'ambo ya bahari.

Basi, rafiki yetu mtunga michezo, usituambie kwamba hadithi tamu haina siasa. Riwaya ya Castilhon ilikuwa tamu. Waliouonja uchungu wake ni wengine.

JE, TWAKATAZA KUTUNGA?

Hapa mtu atainuka aseme: "Kumbe makatekista mwataka kufunga vinywa vya watunzi! Eklezia yaogopa hadithi!"

La, hasha. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na hakuna aliyekwenda kutafuta nyumba ya yule mwana mpotevu. Kubuni si uongo. Uongo ni kubuni na kuficha kwamba umebuni, ili mwenzako aamini na adhurike.

Pepetela, mwandishi wa Angola, alitoa mwaka 1989 riwaya nzima juu ya malkia wetu, naye humwita Lueji. Ndani yake ameunganisha maisha ya malkia na maisha ya msichana mcheza ngoma wa Luanda wa nyakati zetu. Msomaji huona wazi kwamba mtu wa leo anajitahidi kumwazia mtu wa kale, anajaza kwa mawazo yake pale ambapo mapokeo yamenyamaza. Hiyo ni njia halali. Mtu aweza kubishana naye juu ya hili au lile, lakini hajatuibia. Huyo ni kama fundi anayeziba ukuta wa kale kwa matofali mapya, akaacha rangi ya matofali ionekane. Tunayemkataa ni yule anayepaka chokaa juu ya yote, akasema ukuta wote ni wa babu yake.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Wengine watasema: maneno yote haya kwa ajili ya hadithi? Ndiyo, kwa sababu katika nchi yetu hadithi zimekwisha kumwaga damu.

Katika siku za kujitenga kwa Katanga, tangu Julai 1960 hata Januari 1963, mji huu, ulioitwa bado Élisabethville, uliona makumi ya maelfu ya Waluba wakikimbia nyumba zao mwaka 1961, wakajikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakalala katika vibanda vya makaratasi na magunia. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wakalala kwenye stesheni za treni na watoto wao, na wengi wakafa kabla ya kufika walikopelekwa. Walikuwa wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, wamezika wazazi wao hapa. Kila mara kabla ya jiwe kurushwa, lilitangulia neno, na kila mara neno lilikuwa hadithi: "Hao ni wageni. Walikuja mikono mitupu. Tangu zamani kazi yao ni kuchukua cha wenyeji."

Tazameni sasa jinsi hadithi ya Ruwej isivyowafaa hata hao wanaoitumia. Chibinda Ilunga, kwa mapokeo, alitoka katika Waluba wa upande wa mto Lualaba, ndani ya nchi hii ya Katanga. Waliofukuzwa mwaka 1992 walikuwa watu wenye asili ya Kasai. Na katika siku hizo Waluba wengi wa Katanga walihesabiwa miongoni mwa wenyeji. Basi yule "Mluba mgeni" wa hadithi ni yupi? Mwaka 1961 ni huyu, mwaka 1992 ni yule. Mgeni wa hadithi hubadilika kila mara kwa kadiri ya nyumba inayotamaniwa.

Sisi tunaofundisha wachumba katika parokia tunajua mahali ambapo fimbo hii bado inapigwa. Msichana wa Kilunda na kijana wa Kiluba wanakuja. Wamefundishwa, wanaomba sakramenti ya ndoa. Ndipo jamaa wanainuka. Hawasemi kwamba kijana ni mlevi au mvivu. Pengine ni mtu mwema kuliko wana wao. Wanasema: "Msilete Chibinda Ilunga wa pili." Kwa upande wa pili nao wanasema: "Hao watu wao hutawaliwa na wanawake." Mtu aliyekufa miaka 400 iliyopita anasimamishwa katikati ya watoto wawili waliobatizwa kwa maji yale yale.

Enyi wazazi, mmesahau mwisho wa hadithi mnayoitaja? Watoto wa nyumba ile iliyofungua mlango ndio wafalme mnaowapigia makofi kwa heshima. Mkitaka kumtumia Ruwej kama hoja, basi yeye ni hoja ya kuruhusu ndoa, si ya kuizuia.

MZEE MWINGINE NA WANA WENGINE

Tena sisi Waafrika hatuna udhuru, kwa maana tumeonja wenyewe ubaya wa hadithi iliyopindwa. Maandiko yanatueleza juu ya Noe, aliyelewa divai, na mwanawe Kam aliyemdharau. Watu wenye kuuza watumwa waliishika habari hiyo, wakasema: Waafrika ni wana wa Kam, wamelaaniwa, utumwa ni haki yao. Lakini fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Laana ya Noe haikumtaja Kam. Ilimtaja Kanaani, mwana wake mmoja. Wala hapana neno moja juu ya rangi ya ngozi. Hata hivyo uongo huo ulihubiriwa karne nyingi, na wengine waliuhubiri wakiwa na msalaba kifuani. Ni aibu, nasi twaisema.

Mzee aliyedhaniwa amelewa, wana wasiomheshimu, urithi uliobadilika: hadithi ya Noe na hadithi ya mkeka wa Walunda zafanana kama ndugu. Je, sisi tuliopigwa kwa fimbo ya kwanza, tutachonga ya pili tumpigie jirani?

Na mtu asiseme kwamba tunamfanya Ruwej kuwa mtakatifu wa altare. Mume wake alizaa na mwanamke mwingine, na sheria ya Kristu juu ya ndoa haikubali hivyo. Lakini ile sheria haikuwa imemfikia bado. Sara naye alimtoa Hagari kwa Abrahamu, wala hatumwiti Sara msaliti. Tunamsoma kwa heshima, na twajua kwamba Mungu aliwaongoza watu polepole. Tena katika ukoo wa Bwana wetu, alioupanga Mateo mtakatifu, wametajwa Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabu, wanawake wa mataifa mengine walioingia kwa ndoa. Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na bibi mgeni, wewe wa Katuba una damu gani ya kuilinda kuliko yake?

YATUPASAYO

Tunamaliza kwa maneno machache ya kutenda, kwa kuwa hasira bila kazi ni moshi.

Ninyi vijana wa parokia mnaotunga michezo: mchezeni Ruwej, tutakuja kuwatazama. Lakini aanzeni kwenye mkeka wa baba, msianze kwenye kitanda. Mwonyesheni Kinguri pia, mtu mwenye uchungu wake, si shetani. Na kabla pazia halijafunguliwa, mmoja wenu asimame awaambie watu: haya tumepokea kwa wazee, na haya tumebuni sisi.

Ninyi walimu: mkifundisha hadithi hii, someni mapokeo zaidi ya moja mbele ya watoto, la Walunda na la Waluba, na la Wachokwe mkiweza. Mtoto aliyesikia mashahidi watatu hadanganywi upesi na mmoja.

Ninyi wazee: mnayo maneno ambayo hayamo katika kitabu cha Carvalho wala cha mtu mwingine. Yasemeni, tuyaandike, kabla ardhi haijayafunika. Lakini mnapoyasema, mkumbuke kwamba amri ya nane haina mwaka wa mwisho. Yamlinda jirani wa leo, yamlinda pia marehemu asiyeweza kujitetea.

Na wewe unayetaka kuikataa posa ya jirani yako: ikatae, kama una sababu ya haki, na uiseme mbele ya padri na mbele ya watoto. Kama sababu yako ni Ruwej, huna sababu. Yeye mgeni alipofika mtoni akiwa na njaa na upinde wake, alimpa mahali pa kukaa.